Bila Kugusa Kitu

Jamani, nichekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu mkingoja mpaka mwisho hamtapata tena nafasi ya kucheka. Mimi ndiye yule anayeitwa Bila Kugusa. Wapo watu hapa Goma ambao hawajui hata jina langu la ubatizo (ni Bienvenu, kama mnataka kujua), lakini nikipita na begi langu la vyombo utasikia mtu anapaza sauti kutoka kwenye kibanda cha kuchajia simu, "Bila Kugusa, njo utengeneze redio yangu, lakini leo uiguse!" na wenzake wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao, maana nitafanyaje. Wengi wao wameshasahau jina hilo lilitoka wapi. Mimi nakumbuka.

Mwaka ule volkano ilipotoka nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye redio moja ndogo ya mtaa wa Himbi. Msifikirie redio kubwa. Studio chumba kimoja, ofisi chumba kimoja, na ua wa mawe meusi ambako tulitundika baffle juu ya mlango, spika kubwa kama zile za kanisani, ili watu waliokaa nje wasikie kinachosemwa ndani (ikumbukeni hiyo baffle, ndiyo iliyonimaliza). Baada ya lava kushuka, na baada ya yale matetemeko, na baada ya mji kuambiwa uhame na mji kuhama kweli, tuliorudi kazini tulikuwa watatu tu: Mama Régine, directrice wetu, mkuu wa redio, mwanamke wa Bukavu asiyependa maneno mengi, muzee Anselme, mtangazaji, ambaye sauti yake hata mbwa wa Goma wanaijua, na mimi, ambaye nyumba yangu ya mbao ya Buhene ilikuwa sasa iko chini ya mwamba unaotoa moshi. Nilipoteza nyumba, nikapoteza godoro, nikapoteza clé zangu zote za kazi, zile flashi za kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na disque ya nje, diski yenye nakala za redio, kwa sababu kila mwisho wa juma nilikuwa naipeleka nyumbani kwa usalama. Kwa usalama, Buhene, chini ya mlima! Kitu pekee ambacho hakikuungua ni majivuno yangu.

Usiku ule wa lava kila mtu alikimbia na alichoshika, na katika giza, kelele na pikipiki, mikono ya watu iliachana. Kwa hiyo watu walipoanza kurudi kidogo kidogo, redio yetu ilikuwa na kazi moja tu, watoto waliopotea, na tulikuwa na namna yetu ya kuifanya. Hatukuandika chochote. Aliyemwokota mtoto alimleta studio, mtoto akasema jina lake kama analijua, au akalia tu, na mwisho yule mtu mzima akataja kwa mdomo wake yeye ni nani na anapatikana wapi. Muzee Anselme ndiye aliyetaka iwe hivyo, alisema mama hamjui mtoto wake kwa karatasi, anamjua kwa sauti, na wengi wetu hapa kusoma ni taabu. Na ilifanya kazi, sitadanganya. Nilishuhudia baba mmoja anaingia uani anakimbia, redio yake ya mkononi bado inaimba, anaita jina la mtoto kabla hata hajamwona.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusafisha. Muzee Anselme akisharekodi, mimi nakaa kwenye kompyuta, natoa kikohozi, natoa jogoo wa jirani, natoa pale palipo kimya, kwa sababu redio inaogopa kimya, msikilizaji akisikia kimya anageuza kitufe. Nilikuwa nakata vizuri sana. Nilijisifu nacho, hicho kisu changu.

Siku moja mama mmoja akaleta binti mdogo, wa miaka minne hivi, aliyemwokota barabarani usiku wa lava na kukaa naye Sake, walikokimbilia watu wengi, siku zote zile. Unaitwa nani, binti? "Bebe." Mama yako anaitwa nani? "Mama." Muzee Anselme akakuna kichwa, akamwambia basi imba, mama anakuimbia nini jioni? Na yule mtoto, bila aibu yoyote, akaimba:

"Kuku imelala, mbuzi imelala, papa iko njiani, nani atafunga mulango?"

Akairudia na kuirudia. Kisha yule mama aliyemleta akasema jina lake, akasema simu yake iliungua pamoja na nyumba, kwa hiyo anavuka ziwa kwenda kwa kaka yake, akataja na kijiji, na wakaondoka kwenda bandarini. Mimi nikakaa, nikasafisha, nikakata, nikasikiliza tena na tena mpaka wimbo ukakaa safi. Jioni tukautangaza.

Kesho yake asubuhi kompyuta ikaanza vituko vyake. Ilikuwa inazima tangu matetemeko, lakini siku hiyo ilizidi, unaweka tangazo, katikati ya jina la mtoto skrini inageuka ya bluu, kimya, unawasha upya, inazima tena. Watu wamejaa uani wanasubiri. Nikamwambia Mama Régine nataka kupanga upya système, yaani mfumo mzima wa kompyuta.

"Iache hivyo, Bienvenu," akasema. "Ikizima tutaiwasha. Mambo ya système tutaangalia batu bakisharudi bote."

"Mama, uko unaniamini ao hapana? Ni kazi ya saa moja. Ninapanga système mupya juu ya ile ya zamani, bila kugusa kitu. Sauti zinabaki, programu zinabaki, réglages, ile mipangilio yote, zinabaki. Ni kama kubadilisha mabati ya nyumba, batu beko ndani banalala."

Na haukuwa uongo, kitu hicho kipo. Unachomeka clé, unauambia mfumo mpya ushuke juu ya ule wa zamani, unachagua uhifadhi kila kitu, na ukimaliza unakuta nyumba ni ileile ila paa limekuwa jipya. Nilikwishafanya hivyo mara nyingi kwenye maofisi ya Himbi. Mama Régine akanitazama, akashusha mabega, akasema sawa. Hapo ningeweza kufanya kazi yangu kimyakimya kama mtu mwenye akili. Lakini muzee Anselme alikuwa na mikro wazi anawaeleza wasikilizaji kuhusu kukatikakatika, na mimi (sijui ni shetani gani) nikainama mbele yake nikasema kwa mji mzima: "Bandugu basikilizaji, musiogope. Ninatengeneza mashine hapa, bila kugusa kitu. Sauti ya mutoto hata moja haitapotea." Niliona watu wa uani wanapiga makofi kupitia dirishani. Kichwa kikanivimba.

Sijachomeka bado clé, akaingia mama mmoja. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, sandali mkononi, kikwembe kimefungwa kwa kamba kiunoni, na alikuwa ametembea kutoka Sake tangu kabla ya kupambazuka. Alisema anaitwa Mama Riziki, ni mtu wa Rutshuru, waasi walimtoa huko yeye na mtoto wake mmoja, akapanga chumba Mapendo, hapa hapa mjini, na volkano ikamtoa tena huko Mapendo, na katika kukimbia ndipo mtoto akamponyoka. Jana jioni huko Sake alisikia redio ya mtu.

"Ni ule mutoto anaimba kuku," akasema. "Sauti ni ya Riziki wangu. Lakini kuko kitu hakikukaa muzuri mule. Sikulala. Munipigie tena mara moja tu, nisikie, na musikie yule mama alisema anaenda wapi."

Mara moja tu. Dakika moja ya wimbo. Kompyuta ilikuwa inawaka wakati huo, skrini iko pale mbele yangu, faili liko pale, ningebonyeza tu. Lakini clé ilikuwa tayari mkononi, na niliogopa mashine ingezima tena katikati mbele ya watu wale wote waliokuwa wametoka kunipigia makofi. Nikamwambia, kwa sauti ile ya daktari: "Mama, kaa kidogo pale nje. Nikimaliza utasikia vizuri kuliko jana." Akanishukuru! Akatoka, akakaa juu ya jiwe chini ya baffle, akaweka sandali zake pembeni.

Sasa kuhusu ile clé. Yangu ya Kifaransa ilikwenda na Buhene, kwa hiyo niliazima ya rafiki yangu Kasereka, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme ambaye mali yake yote hupita mpaka wa Bunagana kutoka Kampala, na mali ya Kampala, mnajua wenyewe, ni ya Kiingereza. Kompyuta zetu za hapa zote ni za Kifaransa. Sikulifikiria hilo hata kidogo, kwa sababu mimi fundi wa mpakani nilizoea kuchanganya vitu, plagi ya Uganda kwenye ukuta wa Kongo, chaja ya Rwanda kwenye simu ya Bukavu, kitu kinakubali tu. Nikachomeka. Ikatoa machaguo matatu. La kwanza, lile la kuhifadhi kila kitu, faili na programu na mipangilio yote, lilikuwa limefifia. Nabonyeza, halikubali. Mfumo wa Kiingereza ulikuwa unanikatalia kukaa juu ya nyumba ya Kifaransa pamoja na vyombo vyake.

Mtu mwenye akili angechomoa. Mimi nilitazama dirishani, nikawaona watu, nikamwona muzee Anselme anaongea kwenye mikro kujaza muda, anasimulia volkano ya zamani aliyoikimbia akiwa bado kijana, nikamwona Mama Régine amefunga mikono kifuani. Nikajiambia, chaguo la pili linahifadhi faili, si ndiyo? Faili ni faili. Programu ya redio nitaiweka upya, dakika chache tu, nani atajua? Nikabonyeza la pili.

Ilichukua muda mrefu kuliko saa yangu niliyoiahidi, lakini ikawaka. Nikafungua nyaraka, zipo. Picha zipo, hata picha za ubatizo wa mtoto wa dada yangu zipo. Nikamwonyesha Mama Régine kidole gumba kupitia kioo. Ilibaki kurudisha programu ya redio, na hapo mashine ikaniambia haina nafasi, disque imejaa. Nikaangalia kilichoijaza, nikakuta folda moja nene ambamo mfumo mpya unatupia mabaki ya mfumo wa zamani. Mabaki, nikasema. Takataka. Nikaifuta yote, nikapata nafasi kubwa ya ajabu, nikaweka programu, na juu yake nikamimina nyimbo zote za kwaya na za matangazo ili muzee apumzike koo lake. Nikafungua mahali pa sauti za watoto.

Tupu.

Nikafunga, nikafungua. Tupu. Na ndipo nikakumbuka kitu ambacho mimi mwenyewe nilikipanga miaka ya nyuma kwa mkono wangu: programu ile haikuwa inaweka sauti kwenye nyaraka, ilikuwa inaziweka ndani ya tumbo lake yenyewe. Na tumbo lake la zamani ndilo ile folda niliyoitupa. Na juu ya shimo lililobaki ndipo nilipomimina nyimbo.

Nadhani mnajua ile hali mtu anatamani sana courant, yaani umeme, ikatike, dari ianguke, lava irudi, lolote. Muzee Anselme alikuwa amemaliza hadithi yake, akaweka simu yake mbele ya mikro ipige wimbo wa kanisani, akatoka kwenda kumpelekea yule mama maji. Wimbo ukaisha. Nikaangalia taa nyekundu ya mikro: imezima. Taa imezima maana yake mikro imefungwa, hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nikamwita Mama Régine ndani.

"Nimezifuta," nikamwambia.

"Nini?"

"Sauti za batoto. Zote."

Hakupiga kelele. Alishika kiti. "Na nakala?"

"Nakala ilikuwa Buhene."

Akakaa. Nje kulikuwa kimya sana, na mimi mjinga sikujiuliza kwa nini ua uliojaa watu umekuwa kimya. Nikaendelea, na maneno haya ndiyo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa njiani huwa nasimama: "Mama, tuseme ni courant. Courant ilikatika, mashine ikakufa. Batu bataamini, kila siku courant inakatika. Na ule mama wa Sake tumwambie arudi kesho, na kesho tumwambie arudi kesho ingine. Atachoka. Atarudi kwake."

Mlango ukafunguliwa, akaingia muzee Anselme, uso wake umekuwa kama majivu. Hakunitazama. Akapita nyuma yangu, akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha mikro. Akakifunga. Kilikuwa wazi muda wote ule. Taa haikuwaka kwa sababu mimi, kwa ufundi wangu, ndiye niliyeipanga ile taa ifuate programu ya kompyuta, na mipangilio hiyo nayo ilikuwa imekwenda na mengine yote. Mji mzima ulikuwa umenisikia. Baffle ilikuwa imenitangaza uani neno kwa neno, juu ya kichwa cha Mama Riziki.

Sikuweza kunyanyua kichwa. Nilisikia watu nje wameanza, kwanza kunong'ona, halafu mmoja akapiga kelele, "Mwizi wa batoto!" na jiwe likagonga bati. Mama Régine akatoka kuwazuia. Mama Riziki akaingia peke yake, bila sandali, akasimama mbele ya meza. Nilidhani atanipiga. Ningependa anipige.

"Weye ndiye ulikuwa unasikia ule mwimbo?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ulisikia mara mingi?"

"Mara mingi, mama. Ni miye nilikuwa ninasafisha."

"Basi imba."

Nikamtazama muzee Anselme. Naye akanitazama sasa, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo. Mama Riziki akaonyesha mikro. "Fungua ile. Kama yule mama aliyemubeba iko anasikia, asikie. Uimbe kama mutoto alivyoimba."

Muzee akabonyeza. Safari hii alisema kwa mdomo, "Iko wazi," kwa sababu taa ilikuwa imekufa. Na mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu, fundi wa Himbi, nikaimba mbele ya mji mzima, kwa sauti nyembamba ya mtoto, na ilitoka kama ya mbuzi aliyebanwa, na nje nilisikia watu wanacheka. Walicheka kweli. Sikuwalaumu. "Kuku imelala, mbuzi imelala, papa iko njiani, nani atafunga mulango, kuku imelala, mbuzi imelala..."

"Hapana," akasema Mama Riziki. "Pale. Ni pale nilisikia vibaya jana. Riziki haendeleagi hivyo. Akisha kuuliza nani atafunga mulango, anasubiri. Miye ndiye ninamujibu. Asipojibiwa, haendelei kuimba, anangojea tu." Akaitazama mikro. "Huyu wa jana hakusubiri. Ndiyo maana nilisema, pengine si wangu."

Niliona mikono yangu juu ya meza. Niliikumbuka ile mistari ya sauti kwenye skrini, wimbo, halafu pengo, halafu wimbo, halafu pengo, mapengo marefu yaliyo sawasawa, na mimi nayakata moja baada ya jingine kwa kisu changu kizuri, kwa sababu redio inaogopa kimya.

"Mama," nikasema, na mikro iko wazi, sikujali tena, "alisubiri. Kila mara. Ni miye nilikata."

"Alisubiri?"

"Alisubiri, mama. Alisubiri sana."

Akaweka mikono yote miwili mdomoni. Kisha akaketi chini, kwenye sementi ya studio, akalia kilio ambacho sitawaelezea, na muzee Anselme akaiacha mikro wazi, na uani hakuna aliyecheka tena.

Mnataka kujua kama walimpata. Wiki nzima tulitangaza, "Wewe mama uliyevuka ziwa na mtoto anayeimba kuku imelala," na hakuna aliyekuja, pengine kijiji chake mawimbi yetu hayafiki, pengine hana redio. Muzee Anselme alisumbua kichwa chake kukumbuka jina la yule mama na la kijiji (mimi nilikuwa nimesikiliza wimbo tu, maneno ya mwisho yalinipita), na kichwa chake siku ile kilikuwa kimepokea watoto wengi mno, alikumbuka tu "kwa kaka yangu". Kompyuta niliipeleka kwa fundi mkubwa kuliko mimi avue sauti zilizozama, akavua vipande, kikohozi cha mtu, jogoo wa jirani, nusu ya jina. Matangazo mengine tuliyarekodi upya, kwa sababu watu walirudi wenyewe na watoto. Huyu hakurudi.

Nilivuka ziwa mwenyewe, zaidi ya mara moja. Minova, Kalehe, hadi Idjwi, nilisimama kwenye makanisa baada ya misa, naomba ruhusa kwa padri, naimba kuku imelala na mbuzi imelala mbele ya waumini, na mahali pengine jina langu lilikuwa limenitangulia, nikisimama tu nasikia kicheko nyuma, "Ndiye Bila Kugusa." Nikaimba hivyo hivyo.

Mama Riziki alirudi Mapendo, akawa anauza makala, yaani mkaa, barabarani. Siku za mwanzo alikuja redioni kuuliza kama kuna habari. Baadaye akaacha kuuliza habari. Anakuja, anasimama mlangoni, mikono myeusi ya makala, ananiambia, "Imba kidogo." Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki na ile sauti, hapa kichwani, hakuna mahali pengine popote. Naimba, nikifika kwenye mlango nanyamaza, na yeye anajibu kwa chini, "Mama atafunga," kisha namalizia, kisha anaondoka. Hakuwahi kunitukana. Wakati mwingine nilitamani anitukane, ingekuwa rahisi.

Waasi walipoanza tena, wakakata barabara moja, wakakata nyingine, na mabomu yakasikika upande wa Sake, alikuja mara ya mwisho. Alikuwa na furushi mgongoni. Nikaimba, nikanyamaza pale pa kunyamaza, naye hakujibu. Nikangoja. Akasema, "Bienvenu, sasa unaimba kama weye. Siku za kwanza ulikuwa unaimba kama yeye." Akapanga furushi lake vizuri akaenda zake, na waasi walipoingia mjini sikumwona tena, sijui alikimbilia wapi, na yule niliyempotezea mtoto nimempoteza naye.

Redio ilifungwa, vyombo vikabebwa na watu ambao hatukuwauliza majina. Sasa natengeneza simu kwenye meza barabarani. Mtu akiniletea kompyuta nipange upya mfumo, namwambia kwanza lete disque mbili, tuhifadhi vyote, uvione kwa macho yako, ndipo niguse, na nitagusa, mzee, hakuna kazi ya bila kugusa. Wengine wanachoka kunisubiri wanakwenda kwa fundi mwingine. Waende.

Na ile sauti nimeirekodi, sauti yangu hii mbovu, kwa sababu kila mwaka inazidi kuwa yangu na kupungua kuwa ya mtoto. Nakala moja iko kwenye simu, nyingine kwa Kasereka, nyingine kwa dada yangu Bukavu, hakuna hata moja iliyo chini ya mlima. Binti huyo sasa ni mkubwa, pengine amesahau, pengine siku moja atasikia mwanaume asiyemjua anaimba habari za kuku na mbuzi na atasimama. Kila nikiifungua kuitunza upya, programu ya kusafisha inaona lile pengo baada ya mlango, inaniuliza kama inikatie pale palipo kimya.

Nabonyeza hapana.